Mkato na Nukta: Tuliyoyaona katika Madarasa ya Jinja na Mbale

(Maneno ya walimu mbele ya mkutano wa wazazi, Siku ya Wakimbizi Duniani)



Kamati imetupa dakika ishirini. Tutajitahidi, ingawa mnawajua walimu.

Mnakumbuka mkutano wa wazazi wa mwaka jana. Mama mmoja alisimama akauliza: mtoto aliyekuwa akiongoza kwa hesabu kule nyumbani, mbona hapa anashika mkia? Wengi mkapiga makofi, maana lilikuwa swali la wengi. Wengine mlisema ni Kiingereza. Wengine mlisema walimu tunapendelea. Mzee mmoja akasema labda watoto wa Uganda wanafundishwa hesabu nyingine ambayo sisi hatuijui. Tukacheka. Leo tunamwomba radhi mzee wetu mbele ya watu, kwa sababu alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi tuliosoma chuo cha ualimu.

Kamati ikaamua walimu watatu tuende tukaone wenyewe. Tulikaa siku nne Jinja na siku nne Mbale, katika shule za msingi na za sekondari zilizokubali kutupokea. Tulibeba madaftari kumi na mawili ya hesabu ya watoto wetu. Hayo madaftari tutayarudia, maana ndiyo yaliyotuumbua.

Kwa wale waliofika karibuni, tueleze kwanza jambo hili. Shule ya msingi Uganda ni miaka saba, si sita kama tulivyozoea Kongo. Mwisho wa darasa la saba kuna mtihani wa taifa wenye masomo manne: Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii. Matokeo hujumlishwa, na kinyume na desturi yetu, jumla ndogo ndiyo nzuri: aliyefanya vizuri kabisa ana 4, na aliyeanguka kila somo ana 36. Masomo mawili kati ya manne ni hesabu na sayansi. Kwa hiyo nusu ya maisha ya mtoto wa miaka kumi na mitatu iko katika somo ambalo mzazi analiona kama kazi ya mwalimu tu.

Sasa Jinja.

Jinja ni mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Viktoria. Zamani palikuwa na maporomoko ya Ripon, pale Mwingereza Speke alipofika mwaka 1862, na wenyeji Wabasoga walikuwapo siku zote, wala hawakuhitaji kugunduliwa. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwaka 1954, maporomoko yale yalifunikwa na maji. Siku hizi kituo kile cha umeme kinaitwa Nalubaale. Darasa la saba wakiwa katika mada ya umeme na sumaku, mwalimu hana haja ya kutafuta picha kitabuni. Anafungua dirisha.

Somo tuliloliona lilianza na baiskeli. Mwalimu aliigeuza juu chini, akaweka dinamo kwenye tairi, akamwita msichana mmoja azungushe kanyagio kwa mkono. Taa ikawaka. Akamwambia apunguze mwendo, taa ikafifia. Kisha akauliza darasa: nani anazungusha kanyagio pale bwawani? Wote wakajibu kwa sauti moja kuwa ni maji. Baada ya hapo ndipo alipochora sumaku na waya, na watoto walikuwa tayari wameshaelewa.

Kutoka hapo waliingia moja kwa moja kwenye hesabu. Nalubaale ina mashine kumi, kila moja megawati 18: jumla 180. Pembeni yake kuna Kiira, mashine tano za megawati 40: jumla 200. Chini kidogo ya mto kuna Bujagali, iliyokamilika mwaka 2012, mashine tano za megawati 50: jumla 250. Watoto wakajumlisha wakapata 630. Kijana mmoja wa nyuma akauliza swali ambalo tulitamani liulizwe na mtoto wetu: “Mwalimu, maji yakishatoa umeme Nalubaale, si yamechoka?” Darasa lote likacheka. Mwalimu hakucheka. Akamwambia maji hayachoki, yanashuka tu. Kila yanapopata mteremko mpya yanaweza kufanya kazi tena, na ndiyo maana maji yale yale yanayotoka Jinja yanazungusha mashine za Bujagali.

Tulipokuwa tumesimama kwenye ukingo wa mto jioni, tulifanya hesabu yetu wenyewe, nasi tunawaletea ninyi. Kiasi cha maji kinachotoka ziwani hubadilika mwaka hadi mwaka, lakini tuchukue mita za ujazo 1,000 kwa sekunde moja, ambayo si mbali na hali ya miaka mingi. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, yaani jerikeni 50 za lita 20. Kwa hiyo kila sekunde zinapita jerikeni 50,000. Ninyi ndugu wa mashirika mnatuambia mtu mmoja anahitaji lita 20 kwa siku. Basi maji yanayopita Jinja kwa sekunde moja yangetosha watu 50,000 siku nzima. Mmoja wetu alikaa kimya muda mrefu baada ya hesabu hiyo. Baadaye alituambia alikuwa akifikiria foleni ya bomba la hapa kwetu saa kumi na moja alfajiri.

Jinja wanafundisha pia juu ya gugu maji, lile jani zuri lenye ua la zambarau lililoenea Ziwa Viktoria miaka ya 1990 hadi mitumbwi ikashindwa kutoka. Tangu mwaka 1995 Uganda iliachia ziwani fukusi, wadudu wadogo wanaokula gugu hilo peke yake, na kabla ya miaka ya 1990 kwisha gugu lilikuwa limepungua sana. Watoto wanajifunza hapo namna viumbe wanavyotegemeana na kushindana. Wanajifunza pia hesabu ya kuzidisha kwa mbili, kwa kuwa gugu likipata joto na chakula huweza kuongezeka maradufu katika majuma mawili tu au hata chini ya hapo. Somo zuri. Tusonge mbele.

Wazazi wengi mmetulalamikia juu ya “hesabu za mayai”. Mnaona mtoto anachora duara mbili zilizoingiliana, mnadhani anacheza. Zile ni seti, na ndiyo mada ya kwanza kabisa katika hesabu za hapa. Tuone mfano. Katika mtaa mmoja kaya 18 zinalima mahindi, kaya 17 zinalima maharage, na kaya 5 zinalima vyote viwili. Kaya ni ngapi? Anayejumlisha haraka atasema 35. Lakini zile 5 amezihesabu mara mbili, kwa hiyo jibu ni 30. Tunawaomba ndugu wa ugawaji wa mbegu mlioko hapa msituone vibaya tukisema kwamba orodha ya msimu uliopita ingefaidika na yai moja.

Kutoka Jinja kwenda Mbale ni karibu kilomita 150 kwa njia ya Iganga na Tirinyi. Unavuka mabonde ya mpunga ya Mto Mpologoma, halafu mlima unaanza kujionyesha upande wa kulia. Huo ni Mlima Elgon, ambao Wagisu huuita Masaba. Ni volkano iliyozimika zamani, na kilele chake cha Wagagai kina mita 4,321. Kule Mbale mlima ndio mwalimu mkuu.

Hapa lazima tukiri kosa letu. Katika sekondari moja ya Mbale, kidato cha kwanza walikuwa wakichemsha maji na kusoma kipima joto. Tangu mwaka 2020 sekondari za Uganda zinafuata mtaala mpya unaomtaka mwanafunzi afanye kwa mikono, apime, aeleze. Waliotangulia katika mtaala huo walifanya mtihani wao wa kidato cha nne mwaka 2024. Basi maji yakachemka, povu juu, na kipima joto kikasimama kwenye 96. Watoto wakapuliza moto. Kikabaki 96. Kitabu kinasema maji huchemka kwenye nyuzi 100.

Mwalimu akawauliza: nani mwongo, kitabu au kipima joto? Wakabishana. Mwishowe akawaeleza kuwa kitabu kinazungumzia usawa wa bahari. Hewa ina uzito. Ukiwa pwani, hewa yote iliyo juu yako inakandamiza maji, na maji yanahitaji joto zaidi ili yachemke. Ukipanda juu, hewa inapungua. Kwa kukadiria, kila unapopanda mita 300, kiwango cha kuchemka kinashuka nyuzi moja. Watoto wakachukua kalamu. Mbale iko kwenye mita zaidi ya 1,100, gawanya kwa 300, unapata karibu 4. Toa kutoka 100, unapata 96. Kisha akawaambia wapande Wagagai bila kutoka darasani: 4,321 gawanya kwa 300 ni kama 14. Kule juu maji yanachemka kwenye nyuzi 86 hivi. Msichana mmoja akasema, “Basi kule maharage hayaivi.” Na ni kweli: yanachemka mchana kutwa yakiwa bado magumu.

Sisi tuliangaliana. Kambi yetu nayo iko juu ya mita 1,000. Mwaka juzi mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la sita, katika somo hilo hilo, alisoma 96. Tulimwambia arudie. Akarudia, akasoma 96. Tukamwambia macho yake hayaoni vizuri, aandike 100. Akaandika 100, nasi tukampa alama.

Mbale wanapima na mvua. Chupa ya plastiki iliyokatwa, rula, na mahali pa wazi, basi kipima mvua kimekamilika. Watoto wa huko wanajua kwa nini wanapima. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, ardhi ya mlima iliporomoka huko Nametsi katika wilaya ya Bududa ikafukia kijiji. Inakadiriwa watu zaidi ya 300 walikufa. Iliporomoka tena Bududa mwaka 2012 na mwaka 2018. Mwishoni mwa Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika mjini Mbale kwenyewe na kuua watu. Darasa moja tulilolitembelea lilikuwa na mtoto ambaye ukoo wake ulihama kutoka Bududa. Aliambiwa aeleze, akaeleza kwa ufupi sana: udongo ukinywa maji mengi unakuwa mzito, na juu ya mwamba mteremkoni hauna pa kujishikiza, hasa miti ikiwa imekatwa. Alisema hivyo akakaa. Alisema kama mtu anayesoma jibu la mtihani, nasi tulimwelewa, kwa sababu na sisi tuna watoto wanaoeleza mambo makubwa kwa sauti ya namna hiyo.

Katika kipimo cha mvua kuna hesabu moja tuliyoiiba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa la darasa letu moja lina upana wa mita 6 na urefu wa mita 8, yaani mita 48 za mraba. Ikinyesha milimita 50, paa hilo moja linapokea lita 2,400. Hizo ni jerikeni 120, na zote zinaanguka kwenye matope mbele ya mlango. Wakati huo huo wasichana wa darasa la saba wanaomba ruhusa saa nne asubuhi kwenda kuchota maji, na kipindi cha saa nne ni hesabu.

Sasa turudi kwenye madaftari.

Siku ya mwisho Mbale, tulimwomba mwalimu wa hesabu, mtu mpole mwenye miaka mingi kazini, asahihishe kazi ya mtoto mmoja wetu bila kujua ni ya nani. Maswali kumi. Akasahihisha kwa kalamu nyekundu akatupa: 3 kati ya 10. Tukakaa naye chini ya mwembe, tukapitia swali moja moja.

Mtoto aliandika 2,5 + 1,25 = 3,75. Mwalimu akaweka alama ya kosa. Kwa nini? Kwa sababu kule Kongo, kama Ubelgiji na Ufaransa walikotuletea vitabu, sehemu ya kumi hutenganishwa kwa mkato. Hapa Uganda, kama kwa Waingereza, hutenganishwa kwa nukta: 2.5 na 1.25. Mkato hapa ni wa maelfu. Na kinyume chake: mtoto alipoandika 1.250 alikusudia elfu moja mia mbili na hamsini. Mwalimu akasoma moja na robo. Kilo elfu moja zikawa kilo moja.

Swali la kugawanya: sisi tunaandika namba inayogawanya upande wa kulia, nyuma ya mstari, na jibu chini yake. Hapa inaandikwa kushoto na jibu linakaa juu. Mwalimu aliona namba zimetupwa ovyo kama mahindi uwanjani, hakutafuta jibu. Jibu lilikuwapo, na lilikuwa sahihi.

Moja yetu ina kichwa kirefu, kwa hiyo aliisoma saba. Na saa: swali lilisema basi limeondoka Jinja saa 2 mchana likafika saa 5, maana yake saa nane na saa kumi na moja kwa saa zetu, mtoto akaona saa mbili ni asubuhi, akaandika kwamba swali lina makosa. Hapo mtoto tulimpa alama ya ujasiri, basi.

Ndugu zetu mliosoma kwa Kiarabu kule Sudan, kwenu ni vigumu zaidi, maana sifuri yenu ni nukta na tano yenu ni duara. Mtoto wenu akichanganya mara moja tu, tano inageuka kuwa sifuri.

Mwalimu yule alichukua daftari akasahihisha upya. Akatoa 9 kati ya 10. Alikaa kidogo, akatuuliza: “Huyu mtoto mmemweka darasa la ngapi?”

Tukamwambia, la nne.

Ni msichana wa miaka kumi na minne. Alimaliza darasa la sita Kongo. Sisi ndio tuliompa jaribio la kuingia, sisi ndio tuliosahihisha, na sisi tunaojua mkato wa kwetu tulikuwa tumeanza kusahihisha kwa macho ya hapa bila kufikiri. Tulipotoka safari tulimpa jaribio jipya, akapanda hadi la sita. Tulifungua pia karatasi za wengine waliopimwa siku ile ile. Watatu tumewapandisha. Wawili hatukuwapata: mmoja anachoma makaa, na mwingine, wazazi wake wanasema, alichoka kukaa dawati moja na mdogo wake wa miaka tisa, akaondoka. Tunamtafuta bado.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, tuna maombi kwako na kwa mashirika. Mtoto anayefika apimwe hesabu mbali na Kiingereza. Swali asomewe kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiarabu. Na karatasi yake isahihishwe na walimu wawili, mmoja akiwa wa kule mtoto alikotoka. Kazi hiyo haihitaji bajeti, inahitaji ratiba. Mabomba ya paa na tangi yanahitaji bajeti, na hesabu ya jerikeni 120 tumeibandika ukutani ofisini kwa yeyote anayetaka kuihakiki.

Wazazi nanyi msifute mkato wa mtoto nyumbani na kumwambia ni ujinga. Mwambieni ni mwandiko wa kwao, na huu wa hapa ni mwandiko wa pili, kama vile anavyosema Kiswahili cha Kongo nyumbani, makumi mbili, na akifika dukani anasema ishirini. Ni pesa ile ile.

Tumenunua vipima joto viwili Mbale, kwa michango yetu wenyewe. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, tutachemsha maharage mbele ya ofisi ya walimu: sufuria moja ya maharage yaliyolowekwa usiku, na nyingine ya maharage makavu. Tutapima kuni za kila jiko kwa mizani ya ghala, ambayo msimamizi amekubali kutuazima. Akina mama mnaombwa mfike, ninyi ndio mtakaosema yameiva au bado. Atakayesoma kipima joto kwa sauti ni yule kijana tuliyemwambia aandike 100.